Gari la Siti Mbili na Baba Mkwe Wangu

Siku kiinua mgongo changu kilipoingia, nilimwambia mume wangu nataka gari la mbio. Alikuwa anakula ugali wa muhogo na migebuka ya ziwa letu, akaacha tonge hewani.

"La nini?"

"La kwenda mbio."

Akarudi kula. Mume wangu ni mtu wa kusubiri jambo lijifie lenyewe, na ndoa yetu nzima ameiendesha kwa njia hiyo.

Hili halikujifia. Nimezalisha wanawake wa mkoa huu miaka thelathini na tatu. Nimepanda ambulansi za kila aina, tena nyuma, nimekalia gurudumu la akiba huku mkono mmoja umeinua dripu. Nimepakiwa kwenye bodaboda na beseni kichwani na mvua juu ya beseni. Leseni ninayo tangu ujana, nilifundishwa na dereva wa ambulansi kwenye njia ya Kasulu, siku tulizorudi gari likiwa tupu. Ila gari langu mwenyewe sijawahi kulishika usukani. Na nilipokuwa msichana kule kwetu Tukuyu, magari ya mashindano yalipita mara moja barabara ya kijijini, yakaturushia tope mpaka kwenye meno, nami nikaapa moyoni kwamba siku moja nitamrushia mtu tope. Ni hilo tu. Wenzangu wakistaafu wanafuga kuku.

Kigoma si mji wa magari ya mbio, lakini ukiitaja shida yako pale soko la Gungu asubuhi, jioni dalali yuko mlangoni. Yakapatikana mawili, moja la zamani sana na jingine la juzijuzi.

La zamani lilikuwa Katonga, ndani ya ghala la dagaa. Mama mwenye ghala alinunua kiwanja pamoja na vyote vilivyokuwamo, na miongoni mwa vilivyokuwamo ni gari la Mgiriki mmoja wa enzi hizo aliyekuwa na mashua za kuvulia. Siti mbili, basi. Paa hakuna, ni turubai tu, nalo limeliwa na panya. Usukani wa mbao. Boneti ndefu, na juu ya boneti dagaa wameanikwa.

"Usiwaguse hao," yule mama akaniambia. "Hapo wanakauka vizuri kuliko kwenye mchanga."

Rangi yake zamani ilikuwa nyekundu, sasa imefikia rangi ya maini. Ndani waliishi paka sita. Harufu ndiyo usiseme, ilikuwa imeshaingia mpaka kwenye chuma. Nikafungua mlango, nikafukuza paka wanne, wawili wakagoma, nikakaa. Jamani! Nilikaa chini kabisa, miguu imenyooka, na ile boneti mbele yangu inaenda haiishi. Nilijisikia nina miaka ishirini na mbili na sina deni na mtu.

Fundi akaweka betri ya kuazima, akapuliza kabureta, akasema kilichobaki ni kusukuma. Wakaitwa wapagazi wanne. Wakasukuma kidogo, wakasimama kupumua, wakasukuma kidogo, wakasimama. Mimi siwezi kuona kazi inafanywa hivyo nikanyamaza.

"Msibane pumzi!" nikapiga kelele. "Vuta hewa kwa pua! Haya, sasa sukuma! Usiache, usiache, sukuma, nakiona kichwa!"

Mmoja wao alikaa chini kwa kucheka, lakini watatu walisukuma kweli, na gari likakohoa, likakohoa tena, likawaka. Mlio wake uliniingia kwenye mbavu. Nikapanda nalo kilima cha Katonga na paka wangu wawili, watu wamesimama pande zote, nikarudi. Fundi akanieleza habari za breki, ambazo hazikuwa nzuri. Sikumsikiliza.

La pili lilikuwa la afisa mmoja kijana aliyehamishiwa Dodoma, anataka kuuza haraka. Jeupe, linang'aa, milango miwili lakini nyuma lina siti za watu wawili wembamba. Gia otomatiki. Kiyoyozi kinachogandisha. Nilipowasha, mwanamke wa ndani ya dashibodi akaniambia maneno marefu ya Kijapani kwa adabu kubwa, nikamwitikia "Marahaba." Lilikwenda kama maji. Halikutaka kusukumwa wala kubembelezwa. Nilishuka nikasema ni gari zuri, kwa sauti ile ile ninayosema mtoto wa watu ni mzuri wakati simwoni uzuri wowote.

"La zamani," nikamwambia mume wangu usiku ule.

Ndipo akatoa neno moja tu. "Na Baba?"

Hapo lazima nieleze. Baba mkwe wangu alikuwa fundi wa injini za meli bandarini, sasa ni mjane, amepita miaka themanini, anaishi Bangwe peke yake na redio. Ana presha ya macho. Daktari alishasema wazi kwamba asipofika kliniki kila mwezi, kupimwa na kupewa dawa ya kudondosha, ataingia gizani na hatatoka. Alikuwa akienda kwa bodaboda, mpaka siku bodaboda ilipommwaga kwenye mteremko wa Gungu. Tangu hapo hataki pikipiki, hataki bajaji, hataki kitu chochote chenye magurudumu pungufu ya manne. Miezi miwili ilikuwa imepita hajaenda. Mume wangu hajui kuendesha na hataki kujua. Kwa hiyo gari lolote litakaloingia nyumbani, dereva ni mimi, na abiria wake wa kwanza ni yule mzee.

Sasa mimi ni Mnyakyusa. Kwetu mke hamtazami baba mkwe wake. Si chuki, ni heshima, tena heshima yenyewe hasa. Akija kwa njia hii, wewe unapita ile. Akiingia sebuleni, unatokea jikoni. Mkikutana pasipo na mlango wa pili, unageukia ukuta, unajifunika khanga, anapita zake. Humwamkii, huongei naye, hukai alipokaa. Haya nilifundishwa na mama kabla sijajua a, e, i, o, u, na kilichoingia mapema hivyo hakitoki kwa cheti cha uuguzi. Nikapangiwa kazi Kigoma, nikaolewa na Muha, na heshima yangu nikaja nayo kwenye sanduku.

Miaka thelathini na moja nilimheshimu mzee yule kuliko hata mabinti zake wa kuwazaa. Nilimjua kwa kikohozi, kwa mgongo na kwa viatu. Krismasi namkaangia mbuzi mimi, watoto wanampelekea. Shikamoo zangu wanazibeba watoto. Mara moja aliingia ghafla kwa mlango wa jikoni, nikatoka kwa dirisha, nina mimba ya miezi saba, na mimi ni mkunga! Alipofiwa na mkewe nililia wiki nzima kwenye chumba cha nyuma ili nisimsumbue mbele.

Basi niambie, mtu kama huyo nimkalishe kwenye gari la siti mbili, bega kwa bega? Gia zenyewe zile ukiingiza ya pili mkono unagusa goti la jirani. Haki ya Mungu nilihisi joto usoni kwa kuwaza tu.

"Ndiyo maana nikasema," mume wangu akaongeza, "lile jeupe lina siti za nyuma."

Nililala nimemgeuzia mgongo. Asubuhi nikampigia afisa, nikamwomba gari tulijaribu na mzee.

Tukamfuata Bangwe, na afisa mwenyewe tukaja naye. Mume wangu alimpakia baba yake nyuma wakati mimi nimegeukia ziwa, nikajidai naangalia mashua. Nikaingia, nikafunga mkanda, nikainua macho kwenye kioo cha katikati, na kofia ya mzee ile pale! Nikakisukuma kioo kikatazama paa. Nafsi ikatulia.

Tabu ilikuwa kwamba tumeegesha uchochoroni na lazima nitoke kinyumenyume. Dereva akirudi nyuma anageuka. Nikigeuka, tunakutana uso kwa uso. Nikaamua kurudi nyuma nikiwa natazama mbele, namtegemea mume wangu.

"Rudi," akasema. "Rudi. Rudi tu. Rudi."

"Umetazama?"

"Rudi."

Tukasikia kishindo. Kilikuwa kichanja cha jirani cha kukaushia migebuka, na migebuka yote ikaja juu ya gari, mingine kwenye paa, mingine ikaingia kwa dirisha la mume wangu na kumkalia mapajani. Jirani akatoka anapiga yowe kwa Kiha, maneno ambayo kwa bahati nzuri siyajui yote. Afisa wa watu alikuwa amesimama pembeni, ameshika kichwa. Mimi nikajisemea, angalau sasa magari yote mawili yananuka samaki, hicho si kigezo tena.

Katika zogo lile, mume wangu aliposhuka kujipangusa, mzee naye akashuka mwenyewe. Nilimsikia akimwambia mwanawe, polepole, si kwa hasira, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nirudishe ndani. Nimewachosha. Mkeo hata kwenye kioo hataki kuniona."

Nilibaki nimeshika usukani. Nimewahi kupigwa teke la tumbo na mama mwenye uchungu, sikuumia hivyo.

Tulipofika nyumbani nikamjia juu mume wangu kabla hajavua viatu.

"Baba yako anadhani simpendi?"

Akaanza kutafuta miwani yake. Anapotafuta miwani najua kuna jambo.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu... tangu zamani."

"Zamani ipi?"

"Tangu harusi. Kila mwaka ananiuliza, mkeo ana nini na mimi."

"Na wewe unamjibu nini?"

"Namwambia ndivyo ulivyo."

Ndivyo nilivyo! Miaka thelathini na moja! Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa kwa sababu wajukuu wanasoma. Nikamuuliza kama alikuwa hajui mila ya kwetu.

"Naijua," akasema. "Ila nilidhani na wewe humpendi kweli, mila imekurahisishia tu."

Nilitoka nje nikampigia simu shangazi yangu Tukuyu, mtu mzima mwenye mila zote kichwani. Nikamweleza, nikamuuliza nifanye nini ili niruhusiwe. Shangazi akacheka mpaka simu ikakwaruza.

"Mwanangu, wewe bado uko huko? Huku wakwe na wake za watoto wao wanapanda bodaboda moja, mmoja kamshika mwenzake kiuno! Mwenzio wa hapa juzi kaenda na baba mkwe wake kuuza parachichi, wamerudi wanagombania chenji."

Kumbe kwetu wameiacha, na mimi peke yangu huku Kigoma nimeibeba, naitunza kama mlinzi wa jumba ambalo wenyewe wameshahama. Sikujua nicheke au nilie. Nilifanya vyote viwili pale kwenye kibaraza, mbele ya bata wa jirani.

Kesho yake nikaenda Bangwe peke yangu. Nilisimama jikoni, nyuma ya mlango, mzee yuko sebuleni na redio yake.

"Shikamoo, Baba."

Redio ikapunguzwa.

"Marahaba. Nani?"

"Mimi, Baba. Mkwe wako."

"Kumbe sauti yako ndiyo hii. Mimi huwa naisikia kwa mbali tu, ukigombeza."

Nikamweleza yote, nikiwa nimeegemea mlango, macho kwenye masufuria. Ukuta, khanga, dirisha, kioo cha gari. Kwamba sikuwahi kumchukia hata siku moja, kwamba kumkimbia ndiyo ilikuwa namna yangu ya kumpigia magoti.

"Mimi nilidhani ni wale ng'ombe," akasema.

"Ng'ombe gani, Baba?"

"Wa mahari. Niliwabania wajomba zako. Nikasema, binti kakasirika, na ana haki. Mwaka wa pili nikataka kuongeza mmoja, mama yenu akanizuia, akasema mwache, atazoea." Akakohoa kile kikohozi ninachokijua. "Na ile siku uliyotoka dirishani na mimba?"

"Heshima, Baba."

"Heshima!" Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaomba maji, na mimi sikuweza kumpelekea. Nilimmiminia, nikaiweka bilauri sakafuni, nikaisukuma kwa mguu mpaka ikavuka kizingiti.

"Sasa umeshaeleza," akasema. "Si utoke nikuone? Daktari anasema macho haya si ya kuyawekea akiba."

Nilitaka kutoka. Naapa nilitaka. Lakini miguu ilikataa. Nilisimama pale nikiwa na umri wa miaka sitini, mwanamke niliyewatoa watoto wa nusu ya mji huu kwa mikono hii, nikashindwa kuzunguka mlango. Nikamwambia nitakuja kumchukua Jumatatu kwenda kliniki, nikakimbia.

Njiani nikapiga hesabu zangu. Nikinunua lile jeupe, nitamweka nyuma. Nitasema leo tu, kesho atakaa mbele. Kesho nitasema tena leo tu. Kioo kitatazama paa, mzee atatazama kisogo changu mpaka giza limfike, na mimi nitaendelea kujiita mwenye heshima. Najijua. Mahali pa kujificha pakiwepo, nitajificha.

Nikapitia Katonga moja kwa moja.

"Breki je?" mume wangu akauliza nilipomwambia.

"Fundi anaziweka mpya. Nimemwambia asiponiletea gari linalosimama, nitamzalisha bila kumuuliza kama ana mimba."

"Na mimi nitakaa wapi?"

"Bodaboda zipo."

Jumatatu asubuhi nilishuka Bangwe na lile gari, nimejifunika khanga upande wote wa kushoto wa kichwa, ule wa abiria, kwa hiyo nusu ya barabara nilikuwa siioni. Nilisimama, nikatazama mbele. Mlango ukafunguka. Nikasikia magoti yakilia, mkongojo ukiingizwa, na paka mmoja, ambaye amekataa kabisa kuhama, akiinuliwa na kuwekwa mapajani.

"Mwakeye," akaniamkia kwa Kiha, kana kwamba tumeamkiana kila siku.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Injini hii inakunywa mafuta mengi mno. Fundi wako hajui kabureta. Nitaiangalia mimi, maadamu bado naona." Akavuta hewa puani. "Na hawa dagaa ni wa lini?"

Nikaondoka. Kuingiza gia ya pili nikagusa goti lake, nikaomba radhi. Ya tatu, nikaomba radhi. Akasema, "Mwanangu, ukiomba radhi kwa kila gia tutafika kesho." Tukapanda kilima, nikakanyaga mafuta, na kwa kuwa gari halina paa, upepo wa ziwani ukaingia chini ya khanga yangu, ukaivuta yote, ikaenda. Niliiona kwenye kioo cha pembeni ikiruka nyuma yetu mpaka ikatua kwenye ua wa watu. Nikabaki kichwa wazi.

Tulipofika kwenye tuta la kwanza la Gungu, kuna watoto wa shule wanavuka. Nikasimama. Hakuna mlango wa jikoni, hakuna dirisha. Nikageuza shingo.

Sisi wakunga ndio wa kwanza kusema mtoto amefanana na nani. Mama hajapumua vizuri, sisi tumeshamwambia pua ya baba, masikio ya bibi. Mwanangu wa kwanza alipozaliwa nilimgeuza kila upande, nikakosa. Uso wake haukuwa wa kwetu, haukuwa wa mume wangu. Watu wa Bangwe walisema babu yake mtupu, nami nikaitikia tu, ndivyo watu wasemavyo wakija kunywa uji wa mzazi. Miaka ishirini na tisa niliupenda uso ule bila kujua umetoka wapi.

Ulikuwa umekaa kando yangu. Zile nyusi zinazokutana katikati. Lile shavu linaloingia ndani upande mmoja. Ule mdomo unaobanwa mtu akizuia kucheka. Ulikuwa na mikunjo, macho yake yameanza ukungu, lakini ulikuwa huo huo, na nilikuwa nimeukimbia miaka thelathini na moja nyumba nzima.

Watoto walishavuka. Nyuma yetu bajaji ikapiga honi, kisha nyingine. Machozi yananitoka na mguu uko kwenye klachi, nimesahau unafanya kazi gani.

"Una nini?" mzee akauliza.

"Nakutazama, Baba."

Akainua kofia yake, akaishika mkononi, akanigeukia uso mzima.

"Nitazame," akasema. "Lakini na barabara nayo uitazame."